Wasini kwa mama mzee na watoto: chakula cha wenyeji na ufuo tulivu

Binti Tudor

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa watu wanaoijua Wasini, kile kisiwa cha kusini mwa pwani yetu kinachotazamana na Shimoni, kwa kukaa, si kwa kupita. Shule zikifungwa mwezi wa Novemba, ninakusudia kumpeleka mama yangu pamoja na watoto wangu wawili kwenye kijiji cha kisiwani ambako watu bado wanaendesha maisha yao kwa uvuvi, tulale huko usiku mmoja au miwili, tule kinachopikwa majumbani, na tupate mahali patulivu pa kuogelea, pasipo na spika za muziki, ngamia wa kukodisha wala wachuuzi wanaomfuata mtu kila anapogeuka. Sisi ni wenyeji wa Mombasa na ufuo wa Bamburi tunaujua tangu utotoni, lakini siku za sikukuu pale hapana hata nafasi ya kutandika mkeka.

Mama amevuka miaka 70 na magoti yanamsumbua. Alikulia mtaa wa Kuze, katika nyumba ambayo samaki alifika jikoni akiwa bado anametameta, na kwa muda sasa amekuwa akisema kwamba samaki wanaouzwa mjini wamelala kwenye barafu mpaka ladha imewatoka. Ningependa sana ale tena pweza, na changu wa kupaka aliyevuliwa siku hiyo hiyo, akiwa ameketi jamvini na kina mama wenzake badala ya kwenye meza ya mkahawa. Kwa hiyo nauliza: mgeni asiye na jamaa kisiwani hupataje chakula cha nyumbani? Kuna ufuo wa mchanga ambako watoto wanaweza kuogelea, au ni mawe matupu? Na kuvuka kwa mashua kutoka Shimoni kunamfaa mtu mwenye magoti kama yake?

Mama Wawili, Likoni

Wa alaykum salaam, dada yangu, na mama mpe shikamoo yangu. Upande wa bibi mzaa mama, mimi ni mtu wa Wasini, na nitaanza na jikoni kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wanapokosa kitu kizuri kilicho karibu nao kabisa.

Chakula cha Wasini kinachojulikana na wengi ni kile cha mchana cha watalii. Majahazi hutoka Shimoni asubuhi, huwazungusha wageni kutazama pomboo na matumbawe ya Kisite, kisha huwashusha kisiwani wale kaa, samaki wa kuchoma na wali wa nazi, na alasiri ikifika wote wamekwisha kurudi bara. Chakula hicho sikidharau, maana kimewapa vijana wetu kazi kwa miaka mingi, lakini hupikwa kwa wingi na kwa ulimi wa mgeni, pilipili ikiwa imepunguzwa na ukwaju ukiwa wa kunusa tu. Kijiji chenyewe hupika kwa ajili yake baadaye, na chakula hicho hukipati kwa kufika ghafla na kuagiza.

Njia nyepesi ni kupitia kwa akina mama. Kuna kikundi cha wanawake kinachoendesha bustani ya matumbawe, yaani lile eneo la nyuma ya kijiji lenye miamba ya matumbawe ya kale na mikoko, ambalo hutembelewa kwa kupita juu ya ujia wa mbao. Tafuta mtu wa kuwafikishia habari siku moja au mbili kabla, nao watakuonyesha nani yuko tayari kupokea wageni. Kubalianeni bei waziwazi, utoe pesa za matumizi mapema, kisha umwombe mwenyeji wako jambo moja: apike kilichopatikana. Mgeni anayeng'ang'ania kamba au kaa siku ambayo bahari imetoa tafi humlazimisha mwenyeji kutafuta kitu cha barafu kutoka bara, na hapo mtakuwa mmerudi kule kule mlikokukimbia. Kila samaki ana jiko lake na akina mama wanalijua: tafi wa kwenye madema, ile mitego ya samaki, hukaangwa akawa mkavu, akaliwa kwa sima na ndimu, pono, kwa ulaini wa nyama yake, hupendeza kwenye mchuzi, nguru hukatwa vipande, na changu ndiye wa kupaka.

Huyu wa kupaka nitamweleza kwa urefu, kwa ajili ya mama. Samaki hupasuliwa mgongoni akafunguka mzima, akachanjwa, akapakwa chumvi, ndimu, thomu, tangawizi na pilipili mbichi zilizotwangwa pamoja, kisha akaachwa apokee viungo. Moto ni wa vifuu, na samaki huchomwa mpaka akaribie kuiva kabla hajaonja tui hata tone moja. Wakati huo tui la kwanza, lile zito, liko mekoni linachemka pamoja na ukwaju na manjano, likikorogwa bila kuachwa hadi lishike mwiko. Ndipo mpishi anapoanza kulipaka: anapaka, anageuza, anapaka tena, na kila tui linapokauka juu ya nyama anaongeza jingine, mpaka samaki avae ganda la rangi ya dhahabu lililoungua kidogo pembeni. Ukiona tui limemwagwa mara moja juu ya samaki aliyekwisha kuiva, hicho si chakula kibaya, lakini si cha kupaka.

Msiende mikono mitupu. Udongo wa Wasini ni mchache juu ya mwamba, kilimo ni haba, na mboga pamoja na vitu vya dukani huvushwa kwa mashua. Pitia soko la Marikiti ununue vitunguu, nyanya, thomu, ndimu, ukwaju na manjano, na nazi mzinunue njiani mkifika Msambweni. Kikapu cha namna hiyo hupokelewa kwa furaha zaidi kuliko noti.

Nahodha Mstaafu, Mji wa Kale

Dada wa Likoni ameeleza jiko kama anayelijua. Mimi nitasema juu ya maji, kwa sababu safari ya Wasini hupangwa kwa kutazama mwezi, si kwa kutazama siku za likizo, na mtu asipofanya hivyo anaweza kufika siku nzuri kwa saa mbaya.

Binti yangu, hesabu mwezi wa Kiislamu. Siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: katika pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, yakijaa alfajiri na tena kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, na yakikupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiwa nusu, tunasema maji ni mafu: hayajai sana wala hayakupwi sana, na mpangilio wa saa hugeuka, yaani yanajaa asubuhi na kupungua alasiri.

Mambo unayoyataka yote mawili, pweza na utulivu, yako kwenye bamvua. Maji yakikupwa asubuhi, miamba huachwa wazi na wawindaji wa pweza hutoka kwa miguu, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na chuma chake, wakikagua tundu moja baada ya jingine. Pweza anayejua kujificha hujenga kizuizi cha mawe madogo na magamba mlangoni kwake, na mwindaji mzoefu hutambua mlango huo kwa jicho pale ambapo wewe na mimi tungeona mwamba tu. Akishatolewa hupigwa juu ya jiwe mpaka nyama ilegee na povu limtoke, na saa chache baadaye yuko chunguni. Alasiri, watalii wakiwa wamekwisha kuondoka, maji hurudi yakiwa yamejaa na yenye joto la mchana kutwa, na hiyo ndiyo saa ya watoto kuoga.

Kuhusu magoti ya mama, hatari haiko baharini bali kwenye gati. Bamvua likikupwa, mashua hukaa chini sana, na ngazi zilizokuwa majini huachwa zikiwa na utelezi. Kwa hiyo msivuke kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Ondokeni Mombasa baada ya kifungua kinywa, kwa feri ya Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu mkiwa na gari. Shimoni ni takriban kilomita 75 kutoka mjini. Mfike adhuhuri, mswali, mpumzike, watoto waonyeshwe lile pango ambalo wazee wanasimulia kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kuvushwa, kisha mvuke saa tisa maji yakiwa yamepanda. Hapo mama ataingia mashuani karibu kwa usawa. Mwombe nahodha amketishe katikati, si ubavuni, na kila mtu avae jaketi la kuelea hata kama kivuko ni kifupi na wenyeji hawavai.

Nyongeza moja: mkondo wa maji kati ya Shimoni na Wasini una nguvu sana siku za bamvua. Watoto wasiruke majini kutoka gatini hata wakiona wenzao wa kijijini wanafanya hivyo. Wale wamekua nao mkondo huo.

Mwalimu wa Kisauni

Ninawaheshimu wote wawili, lakini swali la dada kuhusu mchanga bado halijajibiwa, na ni haki yake aambiwe ukweli kabla hajafunga safari. Ukingo wa Wasini kwa sehemu kubwa ni mwamba wa matumbawe uliochongoka. Mtu anaweza kuogelea maji yakijaa, tena kwa raha, lakini anayetarajia mchanga mweupe unaonyooka kama wa Diani hataupata, na mtoto asiyevaa viatu vya mpira atakatwa miguu siku ya kwanza. Wanaowaonyesha watu picha za Kisite na kuwaambia ndiyo Wasini hawawatendei haki, kwa kuwa Kisite ni hifadhi ya bahari iliyo mbali kidogo, ina kiingilio chake kinacholipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, na kufika huko ni safari nyingine ya mashua kwenye bahari iliyo wazi. Ni mahali pazuri mno, lakini sidhani kwamba panamfaa bibi mwenye magoti.

Kama mchanga ndio jambo kubwa, ningependekeza Funzi. Nacho ni kisiwa cha wavuvi, kipo karibu na mdomo wa mto Ramisi, na huvukwa kutoka kijiji cha Bodo. Maji yakikupwa, hutokeza fungu la mchanga katikati ya bahari ambalo watoto wanaweza kulikimbilia watakavyo, na kati ya mikoko kuna ukimya ambao huusikii popote pengine kusini mwa Likoni. Upungufu wake ni kwamba fungu hilo halina kivuli hata kidogo, na mashua haina gati zuri la kumshushia mzee.

Nahodha Mstaafu, Mji wa Kale

Mwalimu amesema kweli kuhusu mwamba, nami nakubali. Hata hivyo, kwa Funzi ningesita, kwa sababu hiyo hiyo aliyoitaja mwenyewe: kumshusha mtu wa miaka 70 kwenye maji ya magotini, juu ya tope la mikoko, ni kumtesa. Afadhali wakae Wasini kwa ajili ya chakula na watu, kisha wakirudi wasimame Msambweni kwa ajili ya mchanga. Ufuo wa Msambweni ni mrefu, hauna msongamano, uko bara kwa hiyo hakuna kuvuka, na maji yakikupwa huacha vidimbwi ambamo watoto hucheza bila hofu ya wimbi. Watazame tu wasikanyage vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu vinavyojificha kwenye nyufa za mawe.

Binti Tudor

Mmenifaidi sana, na wazo la Wasini kisha Msambweni limenikaa moyoni. Mama amesomewa majibu yote na amesema kwamba huyo mwanamke wa Likoni amelelewa vizuri. Nina maswali mengine matatu yaliyobaki. La kwanza, nimesikia kwamba maji ya kunywa ni shida kisiwani. Tubebe kiasi gani, na je, tutakuwa tunawalemea wenyeji kwa kuoga? La pili, mavazi ya kuogelea ya watoto, hasa binti yangu wa miaka kumi na mmoja, yawe vipi katika kijiji cha Kiislamu? La tatu, mwenzangu ofisini amenishauri tusiende Ijumaa wala karibu na Ramadhani. Kuna ubaya gani?

Mama Wawili, Likoni

Nimefurahi, na mama namshukuru.

Kuhusu maji, umeuliza jambo ambalo wageni wachache hulifikiria. Kisiwa chetu hakina mto wala chemchemi, na kwa vizazi vingi watu wameishi kwa maji ya mvua yanayokingwa kutoka mapaani na kuhifadhiwa kwenye mabirika na matangi. Novemba mvua za vuli huwa zimenyesha kiasi, kwa hiyo hutakuta ukame wa mwezi wa Machi, lakini bado kila ndoo ina thamani. Bebeni dumu la lita 20 la maji ya kunywa kutoka Mombasa au mlinunue Shimoni, na msichukue zile chupa ndogo za plastiki: tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimekatazwa katika maeneo ya hifadhi, na hata mahali zisipokatazwa kisiwani hakuna gari la taka, kila kinachoachwa kinabaki. Kuoga, tumieni kata na ndoo, ndoo moja kwa watu wawili, na watoto wakitoka baharini wasimwagiwe maji matamu kila saa; wajisuuze mara moja jioni. Mwenyeji hatakuambia kwamba unatumia maji mengi, kwa kuwa mgeni haambiwi hivyo, na ndiyo maana inakupasa ujue mwenyewe.

Mavazi si jambo gumu. Binti avae suruali nyepesi na fulana ya mikono mirefu akiingia majini, na awe na leso ya kujifunga akitoka. Wasichana wa kijijini huoga hivyo hivyo na atapata wenzake kabla hajamaliza kujifunga. Wewe na mama, buibui au dera na mtandio vinatosha. Na kabla ya kupiga picha ya mtu au ya nyumba yake, omba ruhusa. Kijiji hakikuandaliwa kwa ajili ya kamera zetu.

Kuhusu Ijumaa, mwenzako ana sababu lakini amezidisha. Wavuvi wengi hupumzika Ijumaa kwa ajili ya sala, kwa hiyo samaki wa siku hiyo huwa wachache, lakini Ijumaa nyumba nyingi hupika pilau, na jioni yake watu wote wako nyumbani. Mama yako angeipenda sana. Fika Alhamisi alasiri, mle samaki usiku huo, Ijumaa asubuhi mwende bustani ya matumbawe kabla jua halijawa kali, mle pilau mchana, na kama bamvua limeangukia hapo mtapata pweza wa Jumamosi. Ramadhani ni kitu kingine. Mchana jiko limezimwa na akina mama wamechoka, na si vizuri kuwapelekea watoto wanaotaka kula saa sita. Bahati nzuri Ramadhani kwa sasa haiangukii Novemba, kwa hiyo hilo lisikutie wasiwasi.

Ningeongeza kifungua kinywa, ambacho hakuna aliyekigusa hapa. Omba mahamri na mbaazi za nazi, na kama kuna mkate wa mofa uombe huo uliwe pamoja na mchuzi wa samaki uliolala. Mchuzi wa pweza au wa changu uliokaa usiku kucha huwa umejiunga vizuri kuliko ulivyokuwa jioni, na wazee wetu waliupenda zaidi asubuhi.

Mwalimu wa Kisauni

Mpango huu ni mzuri na ninaondoa pendekezo langu la Funzi kwa safari hii. Neno moja kuhusu kununua samaki wa kurudi nao mjini, kwa kuwa najua mama hatakubali kuondoka mikono mitupu. Nunueni asubuhi kwenye banda la samaki mbele ya watu wa BMU ya kijiji, yaani kikundi cha wenyeji kinachosimamia ufuo na uvuvi, ambako samaki hupimwa, wala msinunue pembeni kwa mtu anayenong'ona. Tazameni macho yawe yametuna na yanang'aa, mashavu yakifunuliwa yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi. Kamba mwenye mayai chini ya tumbo msimkubali hata kwa bei ya chini, na samaki wachanga vilevile, kwa sababu bahari hii ndiyo inayowalisha watu waliowapokea. Ndani ya hifadhi ya Kisite uvuvi umekatazwa kabisa, na katika Mpunguti iliyo jirani huruhusiwa kwa vifaa vya jadi tu. Mtu akijisifu kwamba samaki wake ametoka Kisite, mwacheni na samaki wake.

Nahodha Mstaafu, Mji wa Kale

Basi nimalizie upande wa kurudi. Jumamosi ondokeni mapema, saa moja asubuhi, maji yakiwa bado na kina gatini. Hiyo ina maana kwamba pweza wa Jumamosi aliyetajwa na dada mtamkosa, isipokuwa mkibaki hadi alasiri. Ushauri wangu ni mbaki: asubuhi mama akae kivulini na wenyeji wake akisubiri wawindaji warudi, mle mchana, mvuke saa tisa, na Msambweni mlale usiku mmoja ili watoto wapate mchanga wao Jumapili. Samaki wa kubeba nunueni Jumamosi mchana, mtie barafu Shimoni kwenye sanduku la baridi, na mwombe mwenye nyumba ya kulala Msambweni awawekee kwenye friji. Na kabla ya kupanga tarehe, nipe siku unazozifikiria za Novemba, nitakutazamia mwezi na kukuambia maji yatakuwaje kila siku.

Binti Tudor

Ahsante baba. Nitazungumza na mama leo jioni, kisha nitakuandikia tarehe mbili za kuchagua, ile ya mwezi mwandamo na ile ya mwezi mpevu. Dada wa Likoni, naomba uniulizie kwa jamaa zako kama kuna nyumba yenye chumba cha chini, kwa sababu ngazi za ghorofani mama hawezi kuzipanda.